Sindano Yenye Jina Langu

Kitenge ndicho kilichoniambia kwamba nimepungua. Nilikuwa nacho kimoja cha kijani chenye picha za majani ya muhogo, nilichokishonesha tungali kwenye kambi ya wakimbizi, na miaka yote kilinifika kwenye vifundo vya miguu, hapo hapo, hakizidi. Halafu huku ng'ambo tulikoletwa, mtaa wa St Marys, Jumapili moja, nikakivaa kwenda kanisani na kikafagia sakafu. Nikamwambia mke wa mwanangu kwamba mashine yao ya kufulia inavuta nguo. Akacheka.

"Mama, mashine za huku zinapunguza nguo. Hazirefushi."

Nikakikunja kiunoni, tukaenda kuomba. Sikujua kwamba mifupa ya mgongo wangu ilikuwa imeanza kukaliana, mmoja juu ya mwenzake, kama mikate iliyowekwa chini ya mzigo.

Shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifunzia kwenye Biblia, kwa hiyo ninasoma polepole na kwa sauti, na kuandika kwangu ni kwa polepole zaidi. Lakini majina hayanipotei. Ninalijua jina la kila msichana niliyekaa naye benchi moja, jina la mkunga aliyepokea kila mtoto wangu, majina ya wote tuliovuka nao ziwa na majina ya waliobaki. Ninalijua hata jina la mbwa wa padri. Humu sitataja hata moja. Mwanangu ameniomba hivyo, na habari hii ni yake kama ilivyo yangu, nami nimemkubalia. Basi yeye atakuwa mwanangu tu, na daktari atakuwa daktari.

Mgongo wenyewe ulivunjika kwa ajili ya bugali. Kulikuwa na matanga mtaa wa jirani, Toongabbie. Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa amefiwa na kaka yake aliyebaki Congo, na sisi wamama tulikuwa jikoni. Sufuria ilikuwa ya watu wengi. Nikashika mwiko, nikasonga, na pale unga unapoanza kukataa mkono nikasikia kitu kikikatika nyuma yangu. Hakikulia kwa nguvu, kililia kama kijiti kikavu ndani ya nguo. Sikusema. Mtu haachi mwiko katikati, bugali unafanya madonge. Nikamaliza, nikaupakua, ndipo nikaomba kiti.

Kwetu mama mzee kwenye matanga hukaa chini, mkekani, bega kwa bega na mfiwa. Siku ile nilikaa juu ya kiti kama mwanamume, na yule mfiwa aliponitazama kutoka chini nilitamani kufa mimi.

Daktari wetu wa hapa St Marys ni mtu mpole, mfupi, anayevua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Alinipeleka kupigwa picha, kisha kwenye mashine nyingine inayopima uzito wa mifupa. Unalala tu, inapita juu yako kama mkono wa mtu anayebariki. Majibu yalipotoka alivua miwani. Mwanangu akanitafsiria: mfupa mmoja umebonyea sasa, mwingine ulibonyea zamani bila mimi kujua, na yote iliyobaki ina matundu.

Nikaandikiwa kidonge cha kila wiki. Kina masharti kama mgeni wa heshima: umeze alfajiri kabla ya kitu kingine, na maji glasi nzima, kisha ubaki wima nusu saa. Mwanangu alinitafsiria vizuri, sikatai. Aliniambia nisilale. Nami sikulala. Lakini tangu ujana wangu siku haianzi kabla magoti yangu hayajagusa chini, na dawa nayo ilitaka kuwa ya kwanza. Nikaona niviunganishe. Nilimeza, nikapiga magoti, nikaweka paji la uso juu ya godoro, nikaomba mpaka nusu saa ikaisha. Nilijiona nimewaridhisha Mungu na daktari kwa pamoja.

Koo likaanza kuwaka moto. Nilivumilia majuma mengi, nikidhani ni jaribu. Nilipofika mahali ambapo hata mkate uliolowekwa kwenye chai haushuki, mwanangu alinirudisha kwa daktari. Akauliza nilikuwa ninafanya nini baada ya kumeza.

"Ninaomba," nikasema.

Akauliza ninaomba nikiwa nimekaaje. Nikamwonyesha, nikainamia meza yake mpaka kichwa kikagusa karatasi. Daktari alifunika macho kwa kiganja, akamwambia mwanangu maneno, na mwanangu akakaza midomo asicheke.

"Anasema kidonge kilikuwa kinarudi kooni kila mara, Mama. Anasema hajawahi kuandika kwenye kopo kwamba mtu asisali."

Koo lilipona, lakini vidonge vya aina ile sikurudishiwa, na kabla ya mwaka kuisha mfupa mwingine ukabonyea. Mara hii sikuwa nimeshika mwiko wala ndoo. Nilikohoa tu. Hapo ndipo daktari alipoandika barua kwa mwenzake mkubwa wa mifupa.

Yule wa mifupa ni mama wa makamo mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana. Alizitazama picha zangu muda mrefu. Akauliza kama nimewahi kuwa na kansa, kama nimewahi kuchomwa kwa mionzi, akataka damu yangu ipimwe tena. Ndipo akasema kuna dawa ya sindano, ya kila siku, inayoujenga mfupa upya badala ya kuzuia tu usiishe. Haiuzwi dukani. Haandikiwi kila mtu. Lazima yeye mwenyewe aombe ruhusa serikalini, aeleze mifupa gani imevunjika na dawa gani zimeshindwa. Aliomba mbele yangu, mimi nikiwa nimekaa pale nimeshika mkoba wangu magotini. Akasema pia kwamba dawa hii ina mwisho wake: muda uliowekwa ukifika, mtu anaiacha na kupewa nyingine, na hairudii.

Nesi aliyenifundisha kujidunga alikuwa Mkenya. Nilifurahi kusikia Kiswahili, hata kama chake kilikuwa kinakimbia, na bibi kwake ni Shosho.

"Shosho, hii ni kitu kidogo, usiwe na wasiwasi. Ulikuwa unafanya kazi gani huko nyumbani?"

"Kulima."

"Basi. Mtu ameshika jembe hawezi kushindwa na kalamu."

Kweli ilikuwa kama kalamu. Unaweka sindano mpya nyembamba kama unywele, unazungusha, unabana ngozi ya tumbo, unasukuma, unahesabu taratibu, unachomoa. Sindano iliyotumika inaingia kwenye kopo la njano, na kalamu inarudi kwenye frigo. Akaniambia dawa yenyewe ni peptaidi. Nikamwuliza huyo ni mnyama gani. Akasema ni protini fupi, kama shanga chache kwenye uzi, na kwamba mwili wenyewe unajua kutengeneza mfano wake. Hii inaugongea mfupa mlango uamke ujenge.

"Mbona isiwe kidonge?"

"Ukiimeza, tumbo litaila kama nyama, Shosho. Itakuwa mboga tu."

Halafu akanishika kidole, akakiweka juu ya karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye boksi. "Kabla ya kujidunga, soma jina. Kila siku."

"Nyumbani hakuna mwingine anayejidunga."

"Najua. Soma tu."

Nikasoma, kwa sauti yangu ya polepole. Lilikuwa jina langu la kuzaliwa, lote, na chini yake jina la daktari aliyeniandikia, na jina la dawa, na la farmasi. Jina lile hakuna anayeniita. Tangu nilipozaa mtoto wangu wa kwanza mimi ni Mama wa yule, na mtoto yule akafa, nikabaki nimebeba jina lake. Wajukuu wananiita Koko. Aliyekuwa akiniita kwa jina langu ni mume wangu peke yake, tena tukiwa wawili, akiuvuta mwisho wake kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Yeye tulimzika kambini. Basi asubuhi za kwanza, nikisimama jikoni na boksi mkononi, nikilisoma jina lile, ilikuwa kama ninambishia hodi msichana fulani, nisijue kama bado anakaa nyumba hiyo.

Ninapaswa kueleza kwa nini jambo la majina linanishika hivi.

Nilipokuwa mtoto, kwenye mlima wetu alikuwa akipita mtu na baiskeli. Nyuma alifunga kisanduku cha bati, na ndani yake sindano moja ya kioo aliyoichemsha kwenye sufuria ya nyumba aliyofikia. Watu walimpenda sana. Vidonge vya dispensari tuliona ni mambo ya bure; sindano inauma, ndipo unajua dawa imeingia. Mdogo wangu wa kiume aliposhikwa na homa kali, baba akamwita. Mama alikuwa amemshika mtoto miguu. Akauliza, "Hii dawa inaitwaje?"

Yule mtu akajibu, "Ni nzuri."

Akamdunga takoni. Homa ilishuka usiku ule. Lakini mtoto aliposimama, mguu haukumfuata. Ulilegea, kisha ukakauka, ukawa mwembamba kama mchi, na mdogo wangu alitembea na fimbo mpaka mwisho wake. Mwisho wenyewe ulikuja siku ambayo ilibidi watu wakimbie. Jina la yule mtu wa baiskeli ninalo. Jina la dawa sina, wala mama hakulipata, wala nadhani yeye mwenyewe hakulijua.

Sasa nirudi kwa mwanangu. Yeye anaendesha kamyo. Alikuwa akichukua kontena bandarini Port Botany na kuzipeleka kwenye maghala, na kazi ile aliitafuta kwa jasho, kwa sababu alianza kwa kupakua mizigo kwa mikono, akasomea leseni akiwa amechoka, akaanguka mtihani, akarudia. Siku aliyopewa kamyo yake alitupeleka wote kazini kwao, kwenye uwanja kamyo zinapolala, ambao wao huuita uani, tukaitazame, akaipigapiga mlango kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni. Miaka yote niliyomlea sikuwahi kumwona akisimama vile.

Mimi ndiye niliyeona kwanza kwamba bega lake si zima. Alianza kuvaa shati kwa kutanguliza mkono wa kulia kwa kuuinua na mkono wa kushoto, kama anamvika mtoto. Kisha kanisani akawasalimia wazee kwa mkono wa kushoto. Mwanangu, niliyemfundisha mwenyewe kutoa mkono wa kulia na kuushika kwa wa kushoto. Nikamwuliza njiani. Akasema alivuta mkanda wa kufungia mzigo, kitu ndani kikaachia, ni kidogo, kitapita.

"Nenda kwa dokta."

"Mama, dokta akiandika bega, wananitoa kwenye kamyo. Usiseme kwa mtu."

Sikusema.

Ikawa asubuhi moja nimefungua frigo kuchukua kalamu yangu, na pembeni yake, nyuma ya siagi, nikakuta kichupa kidogo cha kioo chenye mfuniko wa mpira, na ndani unga mweupe kidogo sana, kama chumvi iliyobaki kwenye bakuli. Kando yake kichupa kingine cha maji, na sindano kwenye mfuko. Nikadhani farmasi wamenibadilishia dawa. Nikakizungusha nikitafuta jina langu. Palikuwa na herufi chache na namba zilizopigwa chapa. Jina la mtu hakuna.

Mwanangu aliingia anavuta soksi kwa mkono mmoja.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Jina lako liko wapi?"

"Haina jina. Iko ya bega."

"Bega siyo mtu."

Akacheka kidogo, akavuta kiti, akakaa. Akanieleza kwamba mwenzake mmoja wa pale uani alimuuzia. Mwenzake huyo naye anaagiza kwenye kompyuta, na aliumia goti, akajidunga hii, akapona. Ni peptaidi. Inashona mishipa iliyokatika. Inabidi ichomwe karibu na mahali panapouma, nyuma ya bega, na pale mkono wake mwenyewe haufiki.

"Mke wako?"

"Amekataa. Anasema kule kwenye kazi yake ya kutunza wazee wanamfukuza akishika kitu kama hii." Akanitazama. "Lakini wewe unajua sindano, Mama. Kila siku unajichoma. Mara moja moja tu. Nisaidie."

Nilikuwa bado nimekishika kile kichupa, na kilikuwa baridi. Nikamwuliza, "Nani aliitengeneza?"

"Sijui. Kampuni."

"Kampuni inaitwaje?"

"Mama."

"Dokta gani alikuambia ni ya bega lako?"

"Hakuna dokta. Ndiyo maana ninakuomba wewe."

"Na wewe umeambiwa ni nini ndani?"

Akasema, "Ni dawa nzuri."

Nikakiweka kichupa mezani, kwa sababu mkono wangu ulianza kutetemeka. Nikamwambia sitamdunga. Sikumwambia zaidi, na habari ya mguu wa mjomba wake anaijua. Akasema jambo lililonichoma kuliko sindano zote.

"Yako na yangu ni ndugu, Mama. Zote peptaidi. Wewe walikupa kwa sababu wewe ni mzee, umekaa nyumbani, ukiwaambia mgongo unauma hakuna atakayekunyang'anya kitu. Mimi nikisema bega, wananinyang'anya."

Akachukua vitu vyake kwenye frigo, akaondoka.

Siku zilizofuata tuliishi kama wapangaji. Alikula amesimama. Akinipita alisema, "Shikamoo Mama," ile Shikamoo tuliyoizoea kambini, lakini aliisema kama mtu anayelipa ushuru. Mke wake aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yule mwenzake wa uani amejitolea kumchoma yeye mwenyewe, Jumamosi, wakimaliza zamu. Nilikaa na habari hiyo. Nilijua kwamba mtu mzima huwezi kumfunga kamba. Na nilijua kwamba alichosema kilikuwa kweli nusu: mimi nilipewa yangu na sikupoteza kitu. Ila nusu nyingine hakuiona. Mimi nilipigwa picha, nikapimwa damu, nikaulizwa mpaka habari za sala zangu, watu wengi waliniangalia kabla tone moja halijaingia tumboni mwangu, na kila mmoja wao aliweka jina lake.

Ijumaa nilikuwa na zamu yangu kwa daktari, kuangalia damu. Mwanangu ndiye anayenipeleka siku zote na ndiye anayenitafsiria. Asubuhi nilimwambia, "Kile kichupa, nipe."

"Cha nini?"

"Nimwulize dokta jina lake. Sitasema ni cha nani."

 Sijui ni kwa nini alikubali. Labda kwa sababu Jumamosi ilikuwa karibu. Alikitoa kwenye mfuko wa koti, akanipa, nami nikakifunga kwenye leso.

Daktari alisoma damu yangu, akasema iko sawa, akauliza kuhusu kizunguzungu. Alipokuwa anataka kusimama nikafungua leso, nikaweka kichupa mezani. Nikamwambia mwanangu, "Mwulize: dawa hii inaitwaje, na ndani yake ni nini?"

Swali langu lilikuwa fupi.  Mwanangu akaanza Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa kirefu. Kilienda, kikasimama, kikaenda tena. Nikasikia neno la bandari, nikasikia neno la bega, nikasikia "mama yangu". Mikono yake ilikuwa katikati ya magoti. Ndipo nikajua kwamba hakutafsiri. Alikuwa amesema yeye.

Daktari hakufoka. Alivua miwani, akakichukua kichupa, akaenda nacho dirishani, akakigeuza kwenye mwanga kama mimi nilivyokigeuza. Kisha alirudi akakaa, akazungumza polepole, na safari hii mwanangu alinitafsiria, macho yakiwa chini.

"Anasema maandishi yanataja jina moja, lakini yeye hawezi kujua kama ndani ni hiyo kweli. Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa nyingine, inaweza kuwa chafu. Anasema ya aina hii hapa hairuhusiwi kuuzwa bila kuandikiwa na dokta, na anayeuza uani anavunja sheria."

"Na peptaidi?"

"Anasema peptaidi siyo mbaya. Yako ni peptaidi. Anasema kama ingekuwepo ya bega langu iliyojaribiwa vizuri kwa watu, angeniandikia, ingetoka farmasi na jina langu, na angeniona tena kujua inanifanya nini. Lakini hii haijajaribiwa vya kutosha. Hataiandika."

"Basi?"

Daktari alikuwa amesimama mbele ya mwanangu na kumwambia avue shati. Mimi nilibaki nimekaa palepale kwenye kiti cha mgonjwa, nikimtazama mwanangu wa mwisho akijaribu kuuinua mkono. Ulifika kifuani ukasimama. Daktari aliushika, akausaidia kidogo, na mwanangu akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa mtoto.

Kile kichupa daktari alisema kipelekwe farmasi, wao wana pipa la dawa zisizotakiwa. Tulipita pale tukielekea kwenye gari. Mwanangu alikitumbukiza mwenyewe, na kilipogonga chini alisema, "Mama, umeniuza."

"Nimeuliza jina tu."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyejiuza." Akanifungulia mlango kwa mkono wa kushoto.

Ningependa kuandika kwamba hofu yake ilikuwa ya bure. Haikuwa ya bure. Picha zilionyesha mshipa mkubwa wa bega umechanika, na kwamba umekaa hivyo muda mrefu mno. Daktari aliandika kwamba ameumia kazini, asiendeshe. Kamyo yake alipewa mtu mwingine wiki ileile. Alipasuliwa, akakaa na mkono kifuani kwa kitambaa cheusi, akafanya mazoezi na kamba ya mpira iliyofungwa kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, asubuhi na jioni, anavuta na uso umekunjamana. Baadaye walimrudisha uani, lakini getini, kuangalia namba za kontena zinazoingia. Wenzake wanampigia honi wakipita. Anawapungia, mkono unafika juu kidogo ya sikio. Daktari anasema unaweza kuongezeka, unaweza usiongezeke.

Yule mwenzake wa goti bado anaendesha. Hilo nalo nimeliandika kwa sababu ni kweli, na mwanangu alinikumbusha nisiliache.

Hakuniambia kwamba nilifanya vizuri, wala mimi sikumwuliza. Kuna jioni alikuwa anavuta kamba yake mlangoni, nikamsikia anasema bila kugeuka, "Kama ungenichoma, labda ningekuwa bado ndani ya kamyo." Nikasema, "Labda." Akavuta tena. "Au labda ningekuwa kama mjomba." Nikasema, "Labda." Tukaachia hapo.

Mkono wangu uliotetemeka siku ile ya kichupa haukutulia tena. Mtu wa jembe ameshindwa na kalamu. Ilianza kidogo, kisha nikawa ninabana ngozi na sindano inanikwepa, inachora. Mjukuu wangu mkubwa alitaka kunisaidia, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba ameona kwenye simu jinsi inavyofanywa, lakini akaona ile ncha akaenda kukaa chini. Mke wa mwanangu yuko kazini saa hizo. Basi mwanangu akasema atanidunga yeye, akitoka getini, kabla ya chakula cha jioni. Nesi Mkenya alimfundisha kama alivyonifundisha mimi, akamwambia na habari ya kusoma jina.

Jioni ya kwanza alitoa kalamu kwenye frigo, akanawa, akaweka sindano mpya, akanitazama nimekaa nimeegemea mto.

"Uko tayari?"

"Hujasoma."

"Mama, ninakujua wewe ni nani."

"Soma tu."

Akalichukua boksi, akalisogeza kwenye taa. Mtoto huyu hajawahi maishani mwake kuliita jina lile, wala haifai mtoto kuliita jina la mama yake. Alisita. Kisha akalisoma lote, kwa sauti, na mwisho wake akauvuta, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemfundisha. Baba yake alikufa yeye hajaota meno yote.

Bado tuna boksi chache kabla ya muda niliopewa kwisha. Mgongo hauumi kama zamani, na mashine ya kupima mifupa inasema matundu yamepungua kidogo. Kwenye matanga ya mwezi uliopita niliomba wanishushe, wamama wawili wakanishika kwapani, nikakaa mkekani karibu na mfiwa, nikainuka kwa kusaidiwa. Kitenge cha kijani bado kinafagia sakafu. Nimekipeleka kwa fundi akipunguze.

Jioni mwanangu anaingia, ananawa, anachukua boksi na kusoma. Ninamjibu, "Ndiye," halafu ninainua blauzi.